Fundi akikuibia, uliza kwanza ulimlipa ngapi



Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja tu. "Bro, unajua fundi wa pikipiki mwaminifu na si ghali hapa Litein?" Mwingine anauliza Sotik. Mwingine Silibwet. Kuna msee wa Kapsoit ametuma hadi klipu, Boxer yake inatoa moshi kama jiko la kuni wakati wa mvua. Nimeamua kuwajibu wote mara moja. Lakini nawaonya mapema, jibu langu haliwezi kufurahisha kila mtu, na linaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mnakumbuka ile video yangu ya mwaka jana, ya kupunguza bei ya fundi? Fundi ananiambia pesa ya mkono ni 1,500, mimi nazunguka zunguka, najifanya naondoka, narudi, mwisho anakubali 500. Nikaangalia kamera nikacheka. Mliicheka, mkaisambaza, wengine mkaniandikia "mwalimu". Hamkuona kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu sikukiposti.

Ile pikipiki ilinunuliwa na bonasi ya mathe. Mtoto wa mkulima wa chai anajua hiyo maana yake. Kila mwezi unalipwa kidogo kwa kilo ulizopeleka kituoni, halafu bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba, na kwa nyumba nyingi hapa hiyo ndiyo fee, ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Mathe alilipa madeni, iliyobaki akaniongezea nikachukua Boxer iliyotumika niwe napeleka mizigo na kurekodi video zangu. Aliponipa pesa alisema kitu kimoja tu: "Kama shule imekataa, hii nayo ikatae tuone."

Kwa hivyo pikipiki ilipoanza kukosa nguvu mlimani, niliogopa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaisikiliza dakika mbili, akasema pistoni na ringi zimekwisha. Nikampa 4,800 aende aniletee spea. Alirudi bila risiti, na mimi sikuuliza, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwa ile pesa ya mkono ambayo nilikuwa nataka kuipunguza mbele ya kamera. Nikashinda. Mia tano.

Baada ya wiki mbili moshi wa bluu ukaanza. Wiki ya tatu ikanizimikia katikati ya mashamba ya chai, saa tisa mchana, mvua yetu ile ambayo haikosi, na mzigo wa mtu mgongoni. Nilisukuma hadi soko moja dogo ambako kuna mzee anafanya kazi chini ya turubai, kando ya posho mill. Hana bango. Ana spana, beseni la petroli na kiti cha mbao.

Kesho yake aliifungua injini mimi nikiwa nimekaa hapo. Akanipa pistoni mkononi.

"Hii si mpya. Imeoshwa tu na petroli. Na hii kabureta si ya Boxer. Ilikuja hivi?"

Haikuja hivi. Nilianza kumtukana yule fundi wa mjini kwa kila lugha ninayoijua. Mzee akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Pesa ya mkono ulimpa ngapi?"

"Mia tano."

Akacheka. "Kufungua injini na kuifunga ni kazi ya siku nzima. Wewe ulifikiri huyo mtu na watoto wake watakula nini?"

"Kwa hivyo ni sawa aniibie?"

"Sijasema ni sawa, kijana wangu. Ni mwizi. Nasema tu wewe ndiye ulimwonyesha mlango."

Nilikasirika. Nililala nayo hiyo maneno siku tatu. Halafu nikaanza kupiga hesabu, na wasee, mzee alikuwa na haki.

Angalieni vile hii biashara inaendeshwa. Bei ya fundi ina sehemu mbili. Kuna pesa ya mkono, ambayo inatajwa wazi, na kila mteja anaipigania. Halafu kuna pesa ya spea, ambayo mteja haioni, kwa sababu hajui bei dukani na hajui tofauti ya orijino na feki. Sasa chukua mafundi wawili. Wa kwanza anakwambia ukweli: mkono ni 1,500, spea nenda ununue mwenyewe. Wa pili anasema mkono ni 500, leta pesa ya spea nitashughulika. Sisi wote tunakimbilia wa pili. Tunaenda kuambia marafiki "huyo ni poa, si ghali." Yule wa kwanza anakaa bila kazi hadi naye ajifunze ujanja, ama afunge arudi kuchuma chai. Halafu tunarudi kwa simu kulia eti hakuna fundi mwaminifu. Tuliwafukuza sisi wenyewe, mia tano kwa mia tano.

Wengine mtasema shida ni kwamba hawa mafundi hawajasoma. Hapo nitawapinga. Boda boda ilianza na baiskeli kule mpakani Busia, watu wakivushwa kutoka upande huu hadi ule. Mwaka wa 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, na pikipiki zikajaa kila kijiji. Nani alikuwa tayari kuzitengeneza? Huyu mzee wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Boxer ya kwanza aliifungua akiwa hajawahi kuona injini yake ndani, akapanga kila skrubu kwa gunia kwa mstari ili ajue itarudi wapi. Hana karatasi. Mimi pia sina digrii, na nyinyi mnaniamini kila siku. Karatasi ni nzuri, na kama wewe ni fundi kijana nakushauri uende ufanye mtihani wa NITA, uanze na gredi ya tatu upande, kwa sababu itakufungulia kazi ambazo turubai haiwezi. Lakini karatasi haimwambii mtu asibadilishe kabureta ya mwenzake.

Sasa tukuje kwa komenti ambayo najua mnaiandika tayari: "Rahisi kusema. Mimi nalipa mkopo wa pikipiki kila siku, 1,500 nitatoa wapi?"

Nakuelewa. Mtu wa boda akikosa siku moja, mkopo haungoji. Lakini ngoja nikuonyeshe hesabu yangu. Kwa fundi wa "bei rahisi" nilitoa 4,800 na 500, hiyo ni 5,300. Kwa mzee nikanunua pistoni na ringi tena mwenyewe dukani, 4,300, nikamlipa mkono 1,500, hiyo ni 5,800. Kabureta ya kurudisha ile niliyoibiwa, 1,800. Jumla 12,900. Kama ningelipa haki mara ya kwanza na kununua spea mwenyewe, ningetumia 5,800. Ile ujanja yangu ya kamera iliniokolea shilingi 1,000, ikanigharimu 7,100. Na sijahesabu siku nane bila kupeleka mzigo hata mmoja. Ukiwa na mkopo, wewe ndiye huwezi kumudu fundi wa mia tano.

Mbaya zaidi, mzee alishuku hata pistoni ya kwanza haikuwa imekufa. Alinionyesha filta yangu ya hewa: imeziba vumbi na matope hadi huwezi kuona mwangaza ukiipandisha juu. Pikipiki isiyopumua haiwezi kupanda mlima. Alinifundisha pia moshi. Wa bluu ni oili inaungua ndani ya injini, hapo kuna kazi kubwa. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ni filta ama kabureta. Ule mweupe mwembamba wa asubuhi ya baridi, unaoisha injini ikipata moto, usikutishe. Mtu akijua tu hayo, ashapunguza njia za kudanganywa.

Kwa hivyo hivi ndivyo natafuta fundi siku hizi.

Naanza steji, kwa wale wazee wa kazi. Siulizi "fundi mzuri ni nani?" kwa sababu kila mtu ana binamu. Nauliza, "Wewe yako ikiharibika leo unaipeleka wapi?" Jina moja likitajwa na watu watatu ambao hawajakaa pamoja, naenda.

Nampa kwanza kazi ndogo. Kukaza cheni, kupima tapeti, kumwaga oili. Namwangalia. Fundi akikwambia "hii breki bado iko sawa, rudi mwezi ujao," shika huyo mtu na mikono miwili. Amekataa pesa yako ya leo.

Spea nanunua mwenyewe. Namwomba aandike jina la kitu na aina ya pikipiki, nabeba ile ya zamani nayo niilinganishe dukani, nachukua risiti.

Naomba bei kabla afungue, na vitu vya zamani baada ya kufunga. Hii si ukorofi. Kenya tuna sheria ya kulinda wateja ya mwaka wa 2012, na ina sehemu nzima ya mambo ya kurekebisha magari na vitu vingine: mteja apewe makadirio ya bei kwanza, na arudishiwe vipande vilivyotolewa. Najua hakuna mtu atampeleka fundi wa turubai kortini juu ya ringi. Lakini ukijua ni haki yako, unaiuliza bila kuona aya, na fundi mwaminifu haudhiki. Anayeudhika amekujibu.

Halafu nalipa pesa ya mkono bila maigizo. Kama ni nyingi sana, naongea kwa heshima, pembeni, bila simu mkononi. Kama sina zote, nasema sina zote, tunapanga.

Na kwa watu wa steji nina wazo. Kama mko 30 na kila mtu anaweka 20 kwa siku, hiyo ni 600, na kwa mwezi ni 18,000. Chagueni fundi mmoja, mkubaliane bei ya kila kazi, iandikwe kwa karatasi ibandikwe hapo kwake. Yeye anapata wateja wa uhakika, nyinyi mnapata mtu ambaye akimdanganya mmoja amepoteza 30. Tayari mnachangiana matanga na hospitali. Changeni kabla ya matanga pia.

Nasema matanga makusudi. Juzi mathe alikuwa na kliniki Kapkatet. Nilimbeba, tukarudi jioni, barabara imelowa, na pale kwa mteremko kulikuwa na watoto wa shule wanavuka. Nilishika breki na ikashika. Mathe hata hakugundua kitu, aliendelea kuniambia stori za jirani. Mimi nilikuwa natetemeka, kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa dukani na breki shuu mbili mkononi, moja ya bei ya chini sana, na kidole changu kilikuwa tayari kinaelekea kwa hiyo. Bonasi yote ya mathe, mathe mwenyewe, na watoto wa watu, vyote vilikuwa vimekaa juu ya tofauti ya shilingi 150.

Ile video ya kupunguza bei nimeifuta. Ilikuwa inaniletea watu, ndiyo, lakini inawafundisha kitu ambacho kilinichoma.

Na sasa swali lenu: mzee ni nani na anakaa wapi? Nilimwomba nimrekodi. Nilimwambia atapata wateja hadi achoke. Akafuta mikono kwa kitambaa, akafikiria kidogo, akasema, "Usiniweke kwa simu. Wakikuja mia, nitaanza kuharakisha. Nikiharakisha nitakosea." Kwa hivyo sitamtaja. Kongoi mzee.

Wako yuko mahali, kando ya posho mill fulani, hana bango. Ukimpata, mlipe vizuri ili ukirudi mwaka ujao umkute bado yuko.