SIRI YA UJUMBE NYUMBANI

Barua hufika nyumbani ikiwa imefungwa; ujumbe wa simu hufika wazi. Tofauti hiyo wengi wetu hatujaipima.

Simu ya nyumbani isiyo na waya ni ya watu wote wa nyumba. Ujumbe uingiapo hukaa humo, na yeyote aishikaye simu aweza kuusoma, awe mtoto, mgeni au mtumishi. Huenda ni miadi ya kliniki, ni deni, au ni tarakimu za siri zilizotumwa na benki.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, yalinda mawasiliano ya mtu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yazibana ofisi na makampuni. Lakini hakuna askari atakayesimama sebuleni. Hapo mlinzi ni adabu.

Baadhi ya simu hizo zina visanduku vya ujumbe, kila kimoja na namba yake ya siri. Twashauri vitumike. Pasipo visanduku, ujumbe ukishasomwa na ufutwe, na habari nzito zipelekwe katika simu ya mhusika mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba mume na mke hawafichani. Hoja hiyo hatuikubali. Kuaminiana si kupekuana. Mzazi ana wajibu wa kumwongoza mtoto wake. Bali asomaye ujumbe wa mtu mzima bila idhini amefungua barua isiyo yake, hata kama bili ya simu huilipa yeye.