Si Lazima Maabara

Anayedai kwamba uchunguzi si sayansi mpaka mtafiti avidhibiti vigeu vyote kwa mkono wake amekosea, tena pakubwa. London, mwaka 1854, kipindupindu kikiua watu, daktari John Snow hakumnywesha mtu maji machafu ili kupima kama ndiyo yanayoeneza ugonjwa. Nani angethubutu? Alikuta kampuni mbili zikiuza maji katika mitaa ileile, kwa matajiri na maskini. Moja ilikuwa imehamishia mabomba yake ya kuvuta maji sehemu ya juu zaidi ya mto Thames, mbali na majitaka ya jiji, nyingine haikuhama. Mtaa mmoja, hewa moja, maji tofauti. Snow akafuatilia vifo nyumba kwa nyumba. Kwa kila nyumba 10,000, waliokunywa maji machafu walikufa 315, wenzao, 37.