Yuka na Nondo Wake

Msomaji wetu akilisikia jina la yuka yumkini akadhani twazungumzia muhogo, wala hatutamlaumu. Wahispania huuita muhogo kwa jina linalokaribiana sana na hilo, na wataalamu wa mimea wa Ulaya, katika karne ya 16, walilibandika kimakosa kwenye mmea mwingine kabisa. Kosa hilo halikusahihishwa hadi leo.

Yuka tunayoikusudia juma hili haina kiazi cha kupika. Ni jamaa wa mkonge, ule ulioletwa Tanganyika mwaka 1893, na anayeyajua mashamba ya Tanga atayatambua mara moja majani yake membamba, magumu, yenye ncha ya kuchoma. Huota porini katikati ya Amerika Kaskazini, tangu kusini mwa Alberta nchini Kanada hadi Texas na New Mexico, katika mbuga kavu na vilima vya mawe. Kiangazi huko huunguza, na majira ya baridi huyafunika kwa theluji majani yale yale.

Wenyeji wa nchi hizo waliijua thamani yake zamani. Majani yalitoa nyuzi za kamba na vikapu, na mizizi ilipopondwa majini ilitoa povu la kuoshea nywele. Miongoni mwa Wahopi wa Arizona, akina mama huosha nywele za bibi na bwana harusi kwa povu la yuka, kisha huzisokota pamoja nywele za wawili hao.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni namna mmea huu unavyopata mbegu. Maua yake meupe huning'inia kama kengele, na chavua yake ni ya kunata, haipeperuki na upepo. Mwaka 1872 Charles Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, alieleza siri yake: yupo nondo mdogo mweupe ambaye jike lake, usiku, hukusanya chavua kutoka maua ya yuka, akaifinyanga donge na kulibeba chini ya kichwa chake. Kisha huruka hadi ua jingine, akalitoboa, akataga mayai ndani yake mahali mbegu zitakapoota, ndipo akapanda juu ya ua na kulikandamiza donge lile mahali pake. Nyuki huchavusha kwa kupitia tu, naye amefuata chakula chake. Nondo huyu hufanya kazi hiyo kwa makusudi ya umbile lake, ilhali yeye mwenyewe hanufaiki na tone la asali.

Ujira ni wa watoto. Viwavi wake hula sehemu ya mbegu, na zinazosalia huanguka zikaota. Je, nondo akitaga mayai kupita kiasi? Mwaka 1994 watafiti walionyesha, katika aina moja ya yuka, kwamba mmea huliangusha ua lililojazwa mayai mengi mno, na mayai yote yakapotea pamoja nalo. Hatukudhani mmea unaweza kuwa na mpaka mkali namna hiyo. (Wapo pia nondo wa ukoo huo huo waliokwisha kuiacha kazi: hungoja tunda litunge kwa jasho la wengine, ndipo wakataga.)

Ukali wa mambo haya huonekana Alberta, ukingoni kabisa mwa nchi ya yuka upande wa kaskazini, ambako mahali inapoota porini ni pachache mno. Kulungu hupenda maua na matunda yake. Tawi la maua likiliwa, nondo wa mwaka huo hawana pa kutagia, na nondo wakipungua, maua ya mwaka wa pili hufunguka na kunyauka bila ya tunda. Mmea wenyewe hustahimili, kwani huchipuka pia kutoka mizizini, nao waweza kukaa miaka mingi ukionekana mzima ilhali hauzai mbegu hata moja. Kwa hiyo serikali ya Kanada huwaorodhesha wote wawili, mmea na nondo, kila mmoja kwa jina lake, miongoni mwa viumbe vinavyohitaji kuangaliwa.

Viwavi wakishiba hushuka na kujifukia udongoni. Wengi hutoka mwaka unaofuata, yuka inapochanua. Wengine hubaki chini mwaka wa pili, na wengine zaidi ya hapo, hata maua yatakaporudi.