Staa, kabla ya kumwita fundi tapeli ungetazama nyuma ya spika zako

Leo sina stori ya nani kaachana na nani. Kuna jambo limenikera tangu Ijumaa.

Mmeiona ile klipu ya staa wetu mmoja, jina tunalihifadhi, anaonyesha sebule mpya, halafu kamera inahamia kwenye amplifaya mbili zinazonuka moshi? Maneno yake mwenyewe: mafundi wa mtaani matapeli, nunueni orijino. Watu wakashea wee. Fundi aliyezitengeneza namfahamu, yuko mtaa wa pili kutoka kwetu. Wiki hii wateja wawili wamefuata vitu vyao kabla hajavigusa. Na bado anamdai staa laki moja na themanini.

Sasa tuongee ukweli, polepole, hata kama huu mchezo huujui.

Spika za staa ni zile kubwa za kusimama, nyuma zina sehemu nne za kufungia waya badala ya mbili. Mbili za juu ni za twita, mbili za chini ni za wufa. Kiwandani huwa wanaziunganisha kwa vibati vya rangi ya dhahabu, ili mtu mwenye amplifaya moja apige muziki kama kawaida. Ukitaka kila upande uwe na amplifaya yake, wenyewe wanaita bai-ampu, kitu cha kwanza kabisa unavua vibati. Vyote, chanya na hasi. Usipovua, amplifaya mbili zimefungwa pamoja kwenye matokeo, kila moja inamsukuma mwenzake badala ya kusukuma spika.

Na hapa ilikuwa mbaya zaidi. Fundi aliweka bodi ya TPA3116 kwa wufa na LM3886 kwa twita. Ile TPA3116 waya wake mweusi siyo graundi. Ukiilisha volti 24, waya wote wawili, mwekundu na mweusi, unakaa kwenye volti kama 12. Mweusi huo ukigusana na graundi ya amplifaya nyingine kupitia kibati, unategemea nini? Keki?

Rudia klipu yake, sekunde zile anazunguka nyuma ya spika. Kuza picha. Vibati vinang'aa pale. Fundi ananiambia alivivua siku ya kufunga na kuviacha kwenye bahasha juu ya kabati. Baadaye spika zilihamishwa ukuta mwingine, "mtu wa setapu" akavirudisha, nadhani kwa sababu vinapendeza. Fundi hakuwepo.

Fundi naye ana lake, simtetei kila kitu. Angeandika onyo kwenye boksi kwa maka peni, au angeondoka na ile bahasha. Nimemwambia, amekubali. Lakini kusahau kuandika siyo utapeli.

Halafu kuna hii ya orijino. Mwaka 1999 kampuni ya Japani inayoitwa 47 Laboratory ilitoa amplifaya ya Gaincard, wapenda muziki duniani wakaililia. Ndani yake? Chipu ya LM3875, ukoo mmoja na hiyo LM3886 ya fundi wetu. Watu wakaanza kujitengenezea nyumbani kwa sababu kumbe inawezekana. Karatasi ya kiwandani ya LM3886 inasema wati 68 kwenye spika ya omu 4. Ukiipa umeme msafi na hitsinki ya maana, haina aibu mbele ya mtu.

Na staa, zile tambo za "nimedabo wati" pia punguza. Hata wati zikiwa mara mbili kamili, sikio linapata desibeli 3 tu. Kusikia sauti mara mbili unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Faida kubwa ya bai-ampu inakuja ukigawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, ukaachana na krosova ya ndani ya boksi. Fundi alikupa hilo wazo, ukakataa spika zisifunguliwe. Sawa, ni mali yako, na woga wako una maana. Ila hapo ulinunua nusu ya mchezo ukatangaza mzima.

Anachotaka fundi ni kidogo: hela yake iliyobaki, na klipu ishuke. Bodi zilizoungua kasema atabadilisha, wewe ununue chipu tu. Twita zako ni nzima, alizipima Jumamosi bure, na wewe unajua alikuja.

Haya wadau, povu ruksa hapo chini. Ukitaja jina la staa nafuta komenti yako.