Injini Kuukuu Ije na Daftari Lake

BARUA YA WAZI

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli la Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: UNUNUZI WA INJINI ZA TRENI ZILIZOTUMIKA NG'AMBO

Nakuandikia kutetea jambo ambalo wengi hulikejeli: kununua injini za dizeli zilizokwisha kufanya kazi kwenye reli za watu wengine. Nalitetea kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonifanya niiandike barua hii hadharani badala ya kuitia kwenye bahasha.

Hali ya reli unaijua kuliko mimi. Reli mpya ya SGR ilifika Naivasha mwaka 2019 ikasimama. Mzigo wa Malaba na Uganda hauna budi kuhamia kwenye reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Treni ya Nanyuki imefufuliwa, ya Kisumu nayo imefufuliwa, na zote zinataka wa kuzivuta. Wakati huohuo, nia ya kuisogeza SGR hadi Kisumu na Malaba haijaachwa. Injini mpya ya treni ikitunzwa hudumu miaka 40 na zaidi. Je, ni busara kukopa fedha za injini mpya ya upana wa mita moja, tuilipie riba, ilhali njia yenyewe huenda ikaachwa kabla injini haijafikisha nusu ya umri wake? Reli iliyo katika kipindi cha mpito inatoshwa na injini iliyobakiza miaka 15 au 20. Ndiyo maana siungani na wanaopandisha sauti kila wasikiapo neno mitumba.

Wala wauzaji hawauzi kwa kuwa injini zimekufa. Mara nyingi zilizokufa ni njia zake. India ilipoanza mwaka 1992 kuzibadilisha reli zake za mita moja ziwe pana, injini za YDM-4 zilizoundwa Varanasi zilijikuta hazina pa kupita, na baadhi zikasafirishwa kwenda Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Baadaye nchi hiyo ikatandaza nyaya za umeme juu ya karibu reli zake zote pana, na zamu ya kukosa kazi ikazifikia dizeli kubwa. Mwezi Julai 2020 India iliikabidhi Bangladesh injini 10 za aina hiyo, na mwaka 2023 ikaongeza 20. Siku ya makabidhiano ya kwanza ilitangazwa wazi kwamba kila injini ilikuwa imebakiza miaka 28 au zaidi ya kufanya kazi. Tangazo hilo nitalirudia huko mbele.

Nawe mwenyewe umenunua kwa mtindo huo. Treni 11 za dizeli zilizoletwa kubeba abiria wa Nairobi, ambazo za kwanza zilishushwa Mombasa mwezi Agosti 2020, zilitoka kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania. Reli ya kule ni ya mita moja kamili, sawa na yetu, na njia zake kuu zilikuwa zimetiwa umeme, kwa hiyo treni za dizeli zikawa hazina kazi. Kwa upande wa upana wa reli, aliyezichagua alichagua vyema: hakuna gurudumu lililohitaji kusogezwa. Lakini nchini mazungumzo yalikuwa ya umri tu. Zina miaka mingapi? Kwa nini tuletewe vizee?

Umri ni swali dogo. Mkenya akiagiza gari lililotumika Japani, kanuni inataka lisizidi miaka 8 na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kwa gari la barabarani kanuni hiyo ina maana. Kwa treni ingekuwa kichekesho, kwa sababu injini ya treni hufunguliwa yote kila baada ya miaka kadhaa: pistoni na silinda hubadilishwa moja moja, turbo hutolewa ikatiwa nyingine, mota husukwa nyaya upya. Kinachozeeka kweli ni chasisi, nayo ni chuma kizito kinachohesabu umri wake kwa miongo. Injini ya miaka 30 iliyofunguliwa juzi na fundi stadi inaishinda ya miaka 12 iliyoendeshwa na watu wasiojua kubadilisha oili. Lakini nitaitambuaje hiyo ya kwanza nisipoonyeshwa kumbukumbu zake?

Hapo ndipo lilipo sharti langu, na mfano wake ni injini 20 za Rift Valley Railways (RVR).

Kampuni hiyo, iliyokuwa imekodishwa reli za Kenya na Uganda, ilizinunua Marekani, na za kwanza zikafika Mombasa mwaka 2014. Zilikuwa B23-7 za General Electric, aina iliyoundwa kati ya 1977 na 1984, zenye nguvu za farasi 2,250. Kwao zilitembea kwenye reli ya upana wa milimita 1,435. Kuzileta kwenye milimita 1,000 si kazi ya kusogeza magurudumu ndani kidogo, kama wengi wanavyodhani. Injini hizi dizeli yake haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaokwenda kwenye mota zilizofungwa katikati ya magurudumu, mota moja kwa kila ekseli. Mota ya Marekani ni pana kuliko nafasi iliyopo baina ya magurudumu yetu. Haiingii. Kwa hiyo lazima zitafutwe mota nyembamba na bogi za kuzibeba.

Tena kuna uzito. B23-7 ikiwa kwao ina tani zipatazo 120 juu ya ekseli nne, yaani kila ekseli inaikandamiza reli kwa karibu tani 30. Reli iliyojengwa kwa ajili ya treni nyepesi, yenye madaraja ya enzi za mkoloni, haistahimili uzito huo; sharti mzigo ugawanywe kwenye ekseli nyingi zaidi, au upunguzwe. Ukijumlisha yote, kinachosafiri kutoka Marekani kikiwa kile kile ni chasisi, dizeli na jenereta. Cha chini yake karibu chote ni kingine. Nalisema hili kwa sababu bei ya injini iliyotumika hutajwa kana kwamba ni ya kitu kimoja, kumbe ni ya vitu viwili: kilichokuwapo na kilichoongezwa. Mlipa kodi ana haki ya kuziona bei zote mbili.

Hata hivyo, aliyezichagua B23-7 alikuwa na akili. Injini za daraja la 93, ambazo reli yetu imezitegemea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ni General Electric pia, aina ya U26C, na dizeli iliyomo tumboni mwake ni ile ile ya FDL yenye silinda 12. Ni rika moja na ukoo mmoja. Fundi wa karakana ya Nairobi aliyekuwa amezifungua na kuzifunga hizo za kwetu kwa zaidi ya miaka 30 hakuhitaji mkalimani wa kumsomea dizeli ya B23-7. Pistoni za huku zinaingia kule, na stoo inaweka spea za aina moja. Faida hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote la bei, ila haionekani kwenye ankara, kwa hiyo haizungumzwi. Treni za Mallorca zilikuwa kinyume chake: upana wa reli ulikubali, lakini ni aina ambayo stoo yetu haikuwahi kuwa nayo. Kila beringi, kila filta, kila kadi ya umeme ni ya kuagizwa, na kiwanda kilichoziunda treni hizo miongo kadhaa iliyopita hakina wajibu wa kuendelea kutengeneza spea zake.

Kisha kuna suala la mkataba. Ukodishaji wa RVR ulianza mwaka 2006 ukiwa wa miaka 25; ulivunjwa mwaka 2017. Kwa majirani zetu Tanzania, kampuni ya RITES ya India ilishika reli ya kati mwaka 2007, nayo kwa miaka 25, na injini za kukodi zikaletwa kutoka India. Kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa imezirudisha hisa mikononi mwake. Mwekezaji akiondoka, injini inaweza kubaki kwenye reli, lakini ni nani anayebaki na daftari la matengenezo? Nani ana vifaa maalumu vya kupimia? Nani anajua ni silinda ipi ilibadilishwa mwezi gani? Injini isiyo na daftari hutengenezwa kwa kubahatisha, na baada ya muda mafundi hulazimika kung'oa spea ya injini iliyolala ili nyingine itembee. Baada ya miaka michache unakuta nusu ya injini zimekuwa stoo ya nusu nyingine.

Sasa sharti lenyewe. Usinunue injini iliyotumika, ya bei yoyote, bila daftari lake kuwa sehemu ya mkataba: namba ya chasisi, mwaka wa kuundwa, reli ilizofanyia kazi, saa ambazo dizeli imeunguruma tangu ilipofunguliwa mara ya mwisho, na miaka ambayo muuzaji yuko tayari kuiwekea sahihi. Daftari hilo liwe mali ya reli, si ya mwekezaji wala wakala. Na wakati injini inapofunguliwa katika karakana ya muuzaji, mafundi wetu wawe pale, mikono ikiwa na grisi, si maafisa wanaokwenda kupiga picha ya makabidhiano. Chuo cha Mafunzo ya Reli kiko South B. Vijana wake wachache wakikaa na kazi hiyo tangu injini inapovuliwa boneti hadi inapowashwa, watarudi na ujuzi ambao hauuzwi na wakala yeyote.

Najua jibu linalotolewa katika mambo kama haya: siri za biashara, mazungumzo yanaendelea, mnunuzi hapaswi kuonyesha karata zake. Ndiyo sababu nilitaja Bangladesh. Injini zile zilikuwa za msaada, hazikununuliwa, na bado aliyezitoa alitaja hadharani zimebakiza miaka mingapi. Ikiwa anayepewa bure anaambiwa, anayelipa pesa anafichwa kwa nini?

Moshi nao nisiupite. Baadhi ya injini zinazouzwa leo zinaondoka kwao kwa sababu masharti ya hewa safi yamekazwa, na mtu wa Kibera ambaye reli inapita mlangoni pake hana mapafu tofauti na ya mtu wa Ulaya. Kipimo cha moshi kiandikwe kwenye daftari hilo hilo.

Kabla hujatia saini ununuzi mwingine, naomba uanze na ulivyonavyo. Chapisha, kwenye gazeti au mlangoni pa Steshoni Kuu ya Nairobi, orodha ya zile injini za Marekani zilizo mikononi mwa shirika lako, pamoja na treni 11 za Mallorca: ipi inatembea, ipi imelala, imelala tangu lini, na inasubiri spea gani. Karatasi mbili zinatosha. Ukifanya hivyo, siku utakapokwenda kutafuta injini nyingine kuukuu, India au kwingineko, mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea.

Wako,

Abiria na mlipa kodi,
Nairobi.