Sheria za Moshi Ziandikwe kwa Kiswahili

Anayeteremka kutoka Kapsokwony kwenda Kimilili, kisha Bungoma, aghalabu hupokewa na moshi mzito nyuma ya masoko, ambako chupa za plastiki, tairi kuukuu na maganda ya ndizi huchomwa pamoja. Mchomaji huamini kuwa anausafisha mji. Hajui kwamba Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka wa 2014 zilikataza kitendo chochote kinachochafua hewa, kiwe cha moja kwa moja au la. Atajuaje, ilhali ziliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili?

Sisemi kwamba serikali imeshindwa kila mahali. Kufikia mwaka wa 2006, Kenya ilikuwa imeachana na petroli yenye risasi. (Wanafunzi wangu hudhani ni risasi ya bunduki, ni madini, na huidhuru akili ya mtoto.) Mnamo Januari 2015 kiwango cha salfa katika dizeli kikashushwa hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Hatua hizo zilifaulu kwa sababu mafuta hudhibitiwa bandarini; dereva wa matatu hakuhitaji kusoma chochote. Moshi wa taka hauna bandari. Humtegemea mwananchi ajizuie, na jirani yake alalamike.

Na huyo jirani ana nguvu nyingi kuliko anavyodhani. Wakazi wa Webuye waliulalamikia kwa miaka mingi uvundo wa kiwanda cha karatasi na kutu ya mabati yao, hadi kiwanda kiliposimama mwaka wa 2009. Mwaka uliofuata tukapata Katiba ambayo kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeyote amepata hasara. Haya yanasomeka kwa Kiswahili, maana Katiba ilitafsiriwa. Kanuni zinazoitekeleza ndizo zilizobaki zimefungwa.

Nimewasikia wasomi wakidai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo. Moshi, masizi, vumbi, uvundo: nani asiyeyajua? Zile chembe za mikroni 2.5 zinazopenya hadi ndani ya mapafu huelezwa kwa sentensi moja: zipange karibu thelathini, ndipo zifikie unene wa unywele mmoja. Mwalimu wa sayansi wa darasa la saba aweza kuifundisha kabla ya kengele kulia.

Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi Bunge la Kaunti ya Bungoma lisingoje Nairobi. Lichapishe sheria zake za moshi kwa Kiswahili, liongeze Kisabaot na Kibukusu, na nakala zibandikwe kwenye lango la kila soko, karibu na jaa lenyewe.