Picha Yako Inasema Ulikosimama

Wasee wa Wote na Kitui, najua mnapiga picha za malori yakibeba mchanga mtoni usiku. Poa sana. Lakini kuna kaprogramu fulani unaongeza kwa Chrome, ukibonyeza picha kwenye tovuti kanakuonyesha ilipigwa na simu gani, saa ngapi, na kama lokesheni ya kamera ilikuwa imewashwa, mahali penyewe. Nilikajaribu na picha niliyoweka kwa tovuti yangu. Ramani ikanifikisha mlangoni kwa susu.

Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015, na bado watu wameuawa kwa hii vita. Sasa wewe umepigia dirishani kwenu, halafu ukampa mwenye tovuti aiweke vile ilivyo?

Facebook na Instagram huondoa hizo data kwa picha tunazoziona. WhatsApp pia, ila ukituma kama dokumenti zinaenda zote. Na hivyo ndivyo wengi hutuma, eti picha isiharibike!

Sisemi mwache kupiga. Zima lokesheni ya kamera kwanza. Kama ushapiga, chukua skrinshoti ya hiyo picha, utume hiyo skrinshoti.